Vifuniko vipya vya piano yetu

Wengi mmetuuliza kwa nini piano ya ukumbi wa parokia ilikaa juma mbili ikiwa wazi tumbo, na vibao vyake vimepangwa juu ya meza kama samaki sokoni. Tunawaelezea hapa kazi ile, na pia ule ugomvi uliotokea, kwa sababu maneno yamekwisha kuzunguka mtaani.

Piano ina vibao 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Kila kibao ni mti mrefu, na pale kidole kinapogusa pamebandikwa kifuniko chembamba, kama ukucha. Kwetu, vifuniko 11 vyeupe vilikuwa vimepotea, na vingine 5 vimevunjika ncha. Mtoto akipitisha mkono haraka, anakatwa. Kole ya zamani ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo inaogopa maji. Hapa Kindu, kando ya Lualaba, nguo yenyewe haikauki vizuri wakati wa mvua, sembuse kole ya wazee.

Kwanza tulibishana juu ya pesa. Zilikuwa pesa za sabuni tuliyouza, na wamama wengine walisema heri tununue madaftari. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Wengine walitaka sinte. Lakini sinte inakula umeme, na umeme tunaujua. Piano inakula mikono tu. Basi tukaagiza seti ya vifuniko 52 vya plastiki, na mtoto wa mwenzetu mmoja akaviweka katika mzigo wake toka Ubelgiji. Mbona 52, wakati vilivyopotea ni 11? Kwa sababu plastiki ni nene kuliko vile vya zamani, karibu mara mbili. Ukichanganya, vidole vinajikwaa.

Vile vya zamani ni pembe ya tembo. Utavitambua hivi: kila kifuniko kina vipande viwili, kichwa na mkia, na mstari mwembamba unaonekana pale vinapokutana. Ndani yake mna mishipa midogo kama ya mti. Hapo ndipo ugomvi ulianza. Mtu mmoja alikuja jioni, akatuambia ana vipande vya pembe, vizuri kuliko plastiki, bei ya urafiki. Tulipokataa, akageuka akataka kununua vya kwetu vya zamani.

Mama prezidenti alimjibu: “Papa, kaa kwanza, kunywa maji. Pembe hii ilishatoka Maniema mara moja kwa kichwa cha babu zetu. Haitatoka tena kwa mkono wetu.”

Sisi tunaofundisha tulifurahi kusikia jibu lile, maana ni historia ya hapa hapa. Katika miaka ya 1870 na 1880 Tippu Tip alikuwa na makao Kasongo, na misafara ilibeba pembe kwa miguu toka Maniema mpaka pwani, kuelekea Unguja. Pembe moja kubwa iliweza kupita kilo 30, na ilibebwa na mtu. Wengi walikuwa watumwa. Toka Unguja nyingi zilivuka bahari hadi Connecticut, Marekani, ambako mji mmoja uliitwa kabisa Ivoryton, yaani mji wa pembe, na viwanda vilizipasua kuwa vifuniko vya piano. Baadaye, wakati wa Leopold wa pili, pembe za Kongo zilishuka upande wa magharibi na kuuzwa Antwerp. Leo mambo ni mengine. Mwaka 1989 mataifa yaliamua kufunga biashara ya pembe kati ya nchi na nchi, na sheria yetu ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile inaadhibu anayefanya biashara ya wanyama wanaolindwa.

Sasa kazi. Kabla ya kutoa kibao hata kimoja, tulitazama namba zilizopigwa juu ya mti, na pale zilipofutika tukaandika upya kwa kalamu ya risasi. Tulitandika kitambaa chenye maji juu ya pembe, tukapitisha pasi ya makala yenye joto la kiasi, kisha papa seremala akaingiza kisu chembamba polepole. Angalia: kama piano yako ina vifuniko vya seluloidi, ambavyo mara nyingi ni kipande kimoja bila ule mstari, usilete pasi kamwe. Seluloidi inashika moto.

Baada ya hapo alipunguza mti kidogo, ili plastiki isipande juu kuliko kimo cha zamani, akasugua kwa msasa uliofungwa juu ya kipande cha mbao kilichonyooka. Msasa wa mkononi unaviringisha kingo.

Kole tulichukua ile ya fundi viatu. Kole nyeupe ya mbao haishiki plastiki, na ile ya matone inayokauka mara moja inakuwa ngumu na kukatika. Unapaka nyembamba pande zote mbili, unangoja isishike tena kidole, ndipo unabandika. Ikigusana haitoki. Kwa hiyo tulipigilia kibao cha kuegemea ili kila kifuniko kikae mstari mmoja na mwenzake. Madirisha wazi, mbabula nje, na wamama wenye mimba tuliwapa kazi ya kuhesabu uani. Mwishoni tupa kidogo pembeni, ili vibao visisuguane.

Vile vya zamani vimetoka vipande 82, vizima na vilivyovunjika. Vimo katika kopo la maziwa ya unga, ndani ya kabati la mkurugenzi, na hesabu imetiwa sahihi na watu watatu. Darasa la sita watavishika katika somo la historia. Vibao viwili vyeusi bado vinatikisika. Papa seremala atarudi Jumanne, na tunatafuta mama wa kumpikia.