Bendera nyekundu iliyopita Maniema

Watoto wetu wa Obokote wanajua kuchora bendera ya Kongo: buluu ya anga, nyota ya njano kwenye kona ya juu kushoto, na mstari mwekundu wa kuinama wenye kingo za njano. Ndivyo inavyosema Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Masomoni tunawafundisha kwamba buluu ni amani, nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, njano ni utajiri, na nyota ni matumaini. Lakini zamani bendera nyingine ilipita hapa kwetu Maniema, na watoto wanatuuliza habari zake.

Tukitoka Kindu kuelekea kusini, kilometa zaidi ya 200, tunafika Kasongo. Mji wa zamani ulikuwa mahali panapoitwa leo Tongoni, yaani penye magofu. Hapo aliishi Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja. Watu wake walibeba bendera ya Sultani wa Unguja: kitambaa chekundu kitupu, bila nyota wala maandishi. Rangi hiyo ilikuwa ya masultani wa Omani, ambao ukoo wao ulitawala Unguja pia.

Omani yenyewe ilibaki na nyekundu tupu mpaka mwaka 1970. Sultani Qaboos alipotawala, iliongezwa nyeupe juu na kijani chini, na kwenye kona jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Kwao nyeupe ni amani, nyekundu ni vita vya kuwafukuza wavamizi, kijani ni rutuba na Mlima wa Kijani, Jebel Akhdar.

Kwetu nyekundu hiyo ina kumbukumbu nyingine. Kule Nyangwe, kando ya Lualaba, wanawake walikuwa wakikusanyika sokoni kama sisi leo. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara kutoka pwani waliwapiga risasi sokoni. Wengi walikufa maji wakikimbilia mitumbwi. Livingstone, aliyekuwapo, aliandika kwamba alihesabiwa wafu kati ya 330 na 400, na wengi wao walikuwa wanawake.

Kisha ikaja bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu, ya mfalme Leopold II. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wake kule Stanley Falls, Kisangani ya leo, na kuipandisha hiyo. Mwaka 1893 askari wa Leopold waliteka Nyangwe na Kasongo. Nyekundu ikashuka, lakini mateso hayakuisha: chini ya buluu ile wazee wetu walilazimishwa kutafuta mpira msituni.

Wamama, tunaandika haya kwa sababu moja. Mitaani tunasikia watoto wakimtania mwenzao Mwislamu: "Wewe Mwarabu, rudi kwenu!" Maneno hayo yanaumiza, tena si ya kweli. Waislamu wengi wa Maniema ni wazawa wa hapa hapa, na kati ya mababu zao wako waliokamatwa utumwani. Kiswahili tunachosema na mpunga tunaolima vilikuja kwa njia ile ile ya misafara, na hakuna anayevifukuza nyumbani kwake.

Basi mtoto akiuliza, tumweleze yote mawili: maana ambayo nchi inaipa bendera yake, na mambo yaliyotendwa na watu walioibeba. Tumwambie pia kwamba mtoto wa jirani hadaiwi deni la Tippu Tip.

Juma hili, katika vikundi vyetu, tuwaombe wamama wazee, Wakristo na Waislamu, watusimulie walichosikia kwa nyanya zao kuhusu Nyangwe na Kasongo. Tuje na watoto, wakae wasikilize.