Macho yalishiba, moyo ukaachwa kwenye mataa: dada mmoja na Wonder Egg Priority

Kuna dada mmoja wa Dar, jina lake liwekwe kando. Ukimuuliza anime kali kuliko zote alizowahi kutazama, anajibu hivi: "Wonder Egg Priority, ila..." Halafu ananyamaza. Wanaomjua wanajua hiyo "ila" imebeba nini.

Alipokuwa kidato cha tatu alifiwa na shosti yake, yule waliyekaa dawati moja. Paredi ya asubuhi wakatangaziwa kwamba mwenzao hayupo tena, wakaombewa dua, wakaingia darasani. Chanzo hakikusemwa. Mtaani yakazuka ya kuzuka. Na kibaya zaidi, wiki mbili kabla wale wawili walikuwa wamenuniana kwa jambo la kipuuzi tu. Miaka imepita, hajawahi kuuliza mtu.

Sasa mtu kama huyo anakutana na Ai Ohto. Binti wa miaka 14, jicho moja la kahawia, jingine la bluu, ameacha kwenda shule tangu rafiki yake Koito ajiue. Ai anapata mayai kwenye mashine. Akilipasua yai ndotoni anatoka msichana aliyekufa, naye inabidi amlinde dhidi ya waliomtesa. Akiwalinda wa kutosha, Koito, ambaye huko ndotoni ni sanamu, atarudi. Na anachotaka Ai kujua ni kitu kimoja: kwa nini rafiki yake aliondoka bila kumwambia.

Dada alianza saa nane usiku kwa bando la usiku, "ka kipande kamoja tu nilale". Adhana ya alfajiri ikamkuta kipande cha saba.

Wadau, picha za hii kitu ni balaa. Imetengenezwa na CloverWorks, ikarushwa Japani kuanzia Januari hadi Machi 2021, na mpaka leo ukiitazama unajiuliza kama kuna mtu pale studio alikuwa analala. Siyo mapigano tu, ingawa nayo ni moto. Ni vitu vidogo: vidole vinavyovutavuta mkono wa sweta, mtu anayetaka kusema kitu halafu anameza mate, wasichana wanne wamekaa wanacheka upuuzi. Mwandishi wake, Shinji Nojima, alitokea kwenye tamthilia za runinga, na vipande vya mwanzo vinaonesha. Watu wanaongea kama watu. Pale Rika anapogombana na mama yake mlevi, dada alisimamisha video akaenda kunywa maji.

Halafu mambo yakaanza kwenda mrama. Ratiba ya utengenezaji ikawabana, katikati ya msimu wakarusha kipande cha marudio. Hiyo inavumilika. Kilichomchosha ni kipande cha 11, kimebaki kimoja msimu uishe, ndiyo anatambulishwa Frill, msichana wa kutengenezwa na wanasayansi wawili, eti ndiye chanzo cha yote. Ni sawa na kukaa msibani ukisubiri kuambiwa marehemu alikufaje, anasimama mtu anaanza kutangaza nauli za mabasi.

Juni 2021 wakatoa kipande maalum cha kufungia, saa nzima. Karibu nusu yake ni marudio! Kilichobaki ni mbio: dunia nyingine, Neiru anadokezwa kuwa si binadamu, Koito anarudi lakini hamjui Ai kabisa. Na lile swali la msimu mzima? Mwalimu Sawaki, yule yule aliyekuwa akishukiwa tangu mwanzo, ndiye anayesimulia kwamba ilikuwa ajali. Kwa mdomo wake tu, kwa dakika chache, kisha hadithi inahamia kwingine. Ai hapewi hata muda wa kulia.

Wapo wanaosema maisha nayo hayana majibu, kwa hiyo anime imesema ukweli. Sawa, ingekuwa imenyamaza wangekuwa na hoja. Lakini haikunyamaza. Ilitoa jibu mbio mbio, kama mtu anayelipa deni huku anaangalia saa. Wasichana wale walichorwa kwa upendo mkubwa mno kuja kumalizwa hivyo.

Dada alizima simu akakaa gizani, hasira zimemjaa, na hakuwa na uhakika hasira hizo ni za katuni. Mdogo wake akamuuliza, "Dada, imeisha?" Akamwambia alale.

Wiki ile ile akatafuta namba ya dada mkubwa wa yule shosti. Akaandika, akafuta, akaandika tena: "Shikamoo dada. Ni mimi, niliyekuwa nakaa naye dawati moja. Naomba siku moja nije nyumbani." Jibu likaja usiku: "Marahaba mdogo wangu. Tulikuwa tunajiuliza mbona hukuwahi kuja."

Kipande maalum ameshakifuta. Vile 12 bado vipo kwenye simu. Nyumbani kwa kina shosti hajaenda bado, anasema labda Jumapili.