Wavu wa Kathonzweni

Msafiri atokaye Mombasa kwa treni ya asubuhi, ile isimamayo vituo vya njiani, huteremka Emali wakati wa adhuhuri. Unyevu wa bahari umeachwa nyuma. Hapa hewa ni kavu, udongo ni mwekundu, na macho hayaendi mbali kabla ya kukutana na kilima. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, kisha tukapanda matatu kwenda Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, na kutoka Wote tukashika njia ya Kathonzweni.

Tuliandamana na jirani yetu, baba wa binti anayesoma katika chuo kimoja cha ufundi upande huo. Alikuwa amepigiwa simu na bintiye kuambiwa kwamba amechaguliwa katika timu ya mpira wa wavu ya chuo, na kwamba timu itacheza mechi ya kujipima mwezi huo wa Aprili kabla ya mashindano kuanza. Baba hakulala. Alfajiri baada ya swala alitushika mkono msikitini, akasema: "Shekhe, twende pamoja ukaone kwa macho yako, kisha uniambie kama nimkataze." Tukakubali, kwani fatwa ya jambo usilolitazama ni mtihani kwa mwenye kuitoa.

Wengi wetu wa Pwani huijua Ukambani kupitia dirisha la basi la Nairobi tu. Hali ya kuwa Wakamba si wageni kwetu hata kidogo. Katika karne ya 19 misafara yao ilishusha pembe za ndovu hadi Mombasa, na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyempokea mmishenari Krapf alipotoka Rabai mwaka 1849. Hadi leo wachongaji wa vinyago wa Changamwe wanatokana na watu hao. Mvua wanayoitegemea zaidi ni ya Oktoba hadi Disemba. Masika, ambayo kwetu ndiyo mvua kubwa, kwao mara nyingi huja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka. Ndiyo maana mkulima wa huko ameshikamana na mwembe na mchungwa, miti yenye subira, na kaunti ikajenga kiwanda cha kusindika maembe pale Kalamba. Kathonzweni tuliandaliwa muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda na kupikwa na mbaazi. Mbaazi ni zile zile za kwetu. Kilichokosekana ni tui la nazi, nasi hatukusema neno, maana mwenyeji alikuwa akitutazama usoni.

Uwanja ulikuwa wa udongo mtupu, mistari imechorwa kwa majivu, na wavu umefungwa kwa kamba za mkonge kwenye nguzo mbili za mti. Kocha alikuwa na ufito alioutia alama, akaupitisha chini ya wavu kuhakikisha kimo: mita 2.24 kwa wanawake, ambapo kwa wanaume ni 2.43. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha dimbwi katika pembe moja, na wanafunzi wawili wakalifukia kwa mchanga. Kando walisimama akina mama waliotoka sokoni, vyondo mgongoni, na watoto wengi wasiohesabika. Wanaume walikuwepo pia. Hilo tuliliona, na tutalirudia.

Binti alitujia kabla ya mchezo. "Shikamoo Baba. Shikamoo Shekhe." Amevaa suruali pana, fulana ya mikono mirefu yenye namba, na mtandio uliobanwa usiweze kufumuka. Alikuwa Mwislamu pekee katika timu. Baba alimwangalia kutoka kichwani hadi miguuni, asiseme kitu ila "Marahaba mwanangu."

Kazi yake uwanjani ni ya kuinua mpira. Tuieleze, kwa kuwa ndiyo iliyotubadilisha utazamaji. Timu ina wachezaji sita, nayo hairuhusiwi kuugusa mpira zaidi ya mara tatu kabla ya kuuvusha. Wa kwanza huupokea, wa pili huuinua, wa tatu huupiga. Watu humshangilia yule wa tatu. Lakini yule wa pili ndiye anayepaswa kujua, kwa nukta moja, nani yuko tayari, nani amechoka, na nani kwa upande wa pili amelala. Binti yetu huyu, ambaye nyumbani hasikiki sauti, alikuwa akiwaita wenzake kwa majina na kuwapanga kwa mkono nyuma ya mgongo. Tulimtupia jicho baba yake. Alikuwa amesahau kukaa.

Walishindwa seti tatu kwa moja. Wageni walikuwa warefu zaidi, na dimbwi lilikuwa upande wetu katika seti mbaya zaidi.

Msomaji asidhani huu ni mchezo wa kupitisha wakati tu. Jirani zao wa Machakos wana shule ya Kwanthanze, ambayo imechukua ubingwa wa taifa wa shule za sekondari zaidi ya mara moja. Timu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kumi mwaka 2023 huko Yaoundé, na imekwenda Olimpiki za Sydney, Athens, Tokyo na Paris. Mwaka 2024 mmoja wa waliobeba bendera ya Kenya Paris alikuwa mchezaji wake, Triza Atuka. Tena vilabu vikubwa ni vya waajiri: Magereza, Kenya Pipeline, benki ya KCB. Msichana anayeinua mpira vizuri huenda akainua na nyumba yao.

Ama vazi, tulimwambia jirani yetu kwamba hilo si kikwazo tena katika mchezo huu. Mwaka 2016 huko Rio, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza mpira wa wavu wa ufukweni amefunika kichwa na mwili mbele ya dunia nzima. Kikwazo kinaweza kuwa karibu zaidi: hapa kwetu Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu shuleni mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile, mambo yakabaki mikononi mwa kanuni za kila shule. Kwa hiyo mzazi asingoje siku ya mechi. Aulize mapema.

Na mchezo wenyewe? Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha, na kila aliyepita madrasa analijua hilo. Yanayotutia wasiwasi ni mengine: wanaume kando ya uwanja, na safari za mashindano ambazo wasichana hulala nje ya chuo. Wapo masheikh wenzetu watakaosema hayo mawili yanatosha kufunga mlango, na hoja yao ina uzito. Sisi tuliona tofauti. Wale wanaume wa Kathonzweni ndio hao hao anaopishana nao sokoni kila Jumamosi, naye amejisitiri kule na huku. Kumfungia mchezo huku umempeleka peke yake mamia ya kilomita kusoma ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi. Lililobaki ni malazi.

Basi tulikwenda kwa matroni wa chuo, mama wa Kikamba wa makamo, mkarimu lakini asiyetaka maneno mengi. Baba akauliza: nani anasafiri nao, wanalala wapi, binti anapata wapi pa kuswali? Matroni akajibu kwamba husafiri nao yeye mwenyewe na hulala chumba kimoja nao. Kuhusu swala, alisema hakuwahi kuulizwa, lakini kuanzia sasa ataiweka katika ratiba, na akaitoa kalamu papo hapo kuandika nyakati. Tukamsomea, Alfajiri hadi Isha.

Njiani kurudi, treni ikiwa imesimama Kibwezi, jirani yetu aliuliza vile vitu vya kukinga magoti huuzwa bei gani. Hatukujua. Akampigia bintiye, akasikiliza, akaguna, kisha akamtumia pesa kwa M-Pesa kabla treni haijaondoka.