Gari ilipogoma Wadi Shab

Ukitoka Maskati kwenda Sur kwa njia ya pwani, ukishaipita Qurayyat barabara inateremka na bahari inakaa mkono wa kushoto. Kulia ni milima mikavu, jiwe tupu. Safari nzima ni kama kilomita 200, na familia nyingi za Waswahili wa Maskati huifanya siku za Ijumaa na likizo. Wengine wana jamaa Sur. Wengine wanataka watoto wauone mji ambao majahazi yake yalishuka na kaskazi mpaka Unguja na kurudi na kusi. Jahazi moja, Fatah al-Khair, lililoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951, leo limewekwa nchi kavu watu walitazame.

Njia ni nzuri, lakini ni njia ya joto. Juni 2018, Qurayyat ilipita siku nzima, mchana na usiku, bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Watu waliokulia upepo wa Forodhani hawaamini mpaka washuke garini. Na joto hilo hilo ndilo linalokula betri za magari. Wengi tunadhani baridi ndiyo adui, kwa kuwa jamaa zetu wa Minneapolis na Toronto hulalamika gari haziwaki asubuhi za theluji. Kweli baridi huipunguzia betri nguvu ya siku ile. Lakini kinachoiua pole pole ni joto, maana linakausha maji yake na kuzila bati za ndani. Huku Ghuba betri ikitimiza miaka mitatu unashukuru. Tena haikupi taarifa, kwa sababu injini yenye moto huwaka kwa nguvu kidogo tu. Leo inawaka vizuri, kesho imekufa.

Kwa hiyo huku gari ikigoma, kila mtu ana jibu moja: betri. Mara nyingi ni kweli. Sisi ilitukuta si hivyo, na ndiyo sababu ya kuandika.

Ilikuwa mwisho wa Mei. Tulikuwa tunakwenda Sur, mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, tukasimama Wadi Shab. Kama hujafika, magari huachwa chini ya daraja kubwa la barabara kuu, kisha unavushwa maji kwa kijiboti, halafu unatembea kwa miguu kati ya majabali mpaka kwenye madimbwi ya kuogelea. Mama mkwe hawezi mwendo huo, basi tuligawana: nusu walivuka, nusu tulibaki kivulini na thamosi ya chai na visheti. Saa tisa alasiri tukaingia garini. Mume wangu akazungusha ufunguo. Tak. Basi. Akajaribu tena, kimya kabisa.

Vijana wawili wa gari ya jirani walikuja mbio na waya za kubusti. Watu wa Oman wana sifa hiyo, hawakupiti ukiwa na boneti wazi. Mmoja alikwishampigia simu jamaa yake Sur alete betri mpya. Sisi kwa sisi tulikuwa tunabishana kwa Kiswahili, mara mzee mmoja mwenye kanzu ya kijivu na kofia ya Kiomani akauliza:

"Nyinyi watu wa wapi?"

"Unguja, mzee. Tunakaa Seeb."

"Mimi nimezaliwa Bujumbura. Huyu bibi mbona bado yumo garini? Mtoeni kwanza, gari itangoja."

Na kweli, gari isiyowaka haina kiyoyozi, na katika jua lile ndani panakuwa tanuri kwa dakika chache. Mama mkwe alirudishwa kivulini, akapewa maji, watoto wakamfuata. Ukisahau yote mengine niliyoandika hapa, hili la mzee na watoto usilisahau.

Kisha mzee yule, ambaye alituambia alifanya kazi gereji ujana wake wote, hakugusa spana. Alimwambia mume wangu awashe taa kubwa, yeye akasimama mbele ya gari, akaziba jua kwa mikono ili azione. "Sasa piga stata, kijana wangu."

Taa zilikuwa kali. Ufunguo ulipozungushwa zikazimika zote kwa mkupuo, kama mtu aliyekata umeme. Ufunguo ulipoachiwa, baada ya muda kidogo zikarudi.

"Hii betri inaweza kuwa nzima," akasema. "Moto haupiti."

Alitufafanulia huku akikunja mikono ya kanzu. Taa zikififia pole pole na ukasikia tik-tik-tik-tik ya haraka, betri imechoka. Zikibaki kali vile vile na ukasikia tak moja tu, itazame stata. Zikizimika ghafla namna ile, shuku mahali waya zinapofunga betri, maana njia ya kupitisha umeme wa taa inatosha, ya kupitisha umeme mwingi wa stata haitoshi. Na kama stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, hapo achana na betri. Tazama geji ya mafuta, fungua ufunguo bila kuwasha usikilize kama pampu ya mafuta inavuma sekunde mbili tatu, na tazama kama kitaa cha ufunguo kinamweka kwenye dashibodi, maana gari za siku hizi zisipoutambua ufunguo wake haziwaki. Gari ya otomatiki ijaribu pia gia ikiwa kwenye N. Mara nyingine swichi ya P ndiyo inayokataa.

Kichwa kimoja cha betri yetu kilikuwa na unga mweupe wa kijani, na mzee alipokishika kilizunguka kwa mkono. Aliuweka ufunguo mbali, akafungua upande wa hasi kwanza, akakwangua vyote kwa kisu mpaka vikang'aa, akafunga chanya, kisha hasi, akakaza. Dakika kumi. Ikawaka mara ya kwanza.

Vijana wetu na waya zao hawakuwa wabaya, nao nawashukuru. Lakini tungelipa betri ambayo hatukuihitaji siku ile. Wakati betri ikiwa ndiyo yenyewe, waya hizo ni ukombozi: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoshika moto kwa cheche. Betri iliyovimba au kupasuka usiiguse kabisa. Na tusahau mchezo wa kwetu wa kuita vijana wasukume. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata ukileta mtaa mzima.

Mzee alikataa pesa, akakubali visheti. Alimuuliza mama mkwe habari za Unguja kama nusu saa, tukafika Sur maghribi imeshaadhiniwa.

Jumapili mume wangu aliipeleka gari Wadi Kabir, kwenye ile mitaa ya gereji na maduka ya spea karibu na Ruwi, ikapimwa kwa mita. Ikiwa imezimwa na kupumzika ilisoma volti 12.4, betri iliyojaa husoma kama 12.6. Injini ikiwaka ilisoma 14.1, yaani alteneta inachaji. Fundi akatazama tarehe iliyopigwa kwenye betri, miaka miwili na miezi minne, akasema itavuka msimu huu wa joto akiomba Mungu, wa mwakani tusiithubutu. Amekwishaiandika namba ya simu yetu.