Hajarudi

Kati ya "hakurudi" na "hajarudi" pana tofauti ya silabi moja tu, lakini ya kwanza hufunga mlango na ya pili huuacha wazi. Bibi yangu mzaa mama alimtaja kaka yake kwa "hajarudi" mpaka naye alipofariki. Kaka huyo aliondoka Mombasa Februari 1944.

Alikuwa mpiga mizinga katika kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Walipakiwa kwenye meli ya Khedive Ismail kwenda Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, kwa ajili ya vita dhidi ya Wajapani. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli ile, ikazama kwa dakika mbili hivi. Kati ya watu zaidi ya 1,500 waliokuwamo, takriban 1,300 walikufa, wakiwamo wauguzi wanawake. Hata walioweza kuelea hawakusalimika wote. Nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na manowari za Waingereza zilizokuwa zikiwasindikiza zikaangusha mabomu papo hapo walipokuwa wakipiga mbizi kutafuta uhai. Hili bibi hakulijua, nami sikumwambia.

Jamaa waliponiomba nimtungie mbolezi, ndipo nilipoona jinsi maneno yetu ya mauti yanavyochagua watu. "Kufa vitani"? Hakuufikia uwanja aliotumwa. "Kufa maji" ni kweli, ila ndilo neno la mtoto aliyeteleza kisimani. Halimtaji aliyempeleka huko. "Marehemu" bibi hakulikubali kamwe. Matanga hayakuwekwa, basi hayakuanuliwa. Mjini Nairobi, katika makaburi ya vita, upo mnara wa majina ya askari wasio na kaburi, wengi wao wa meli hiyo. Bibi alipoelezwa habari zake aliuliza swali moja tu: chini ya jiwe hilo amelala mtu? Akaambiwa hapana. Akaendelea kuchambua mchele.

Vita hivyo Shaaban Robert alivitungia utenzi mzima, na utenzi una nafasi ya mataifa na majeshi. Mimi nilikuwa na mtu mmoja, na kibwagizo kimoja kilichonikwamisha wiki mbili:

*Mzinga ulinyamaza, kaka yetu hajarudi.*

Hesabuni mizani: nane kwa nane. Weka "hakurudi" mahali pake, mizani ni ile ile na kina ni kile kile. Arudhi, ambayo mara nyingi hutuamulia sisi washairi na kutupa kisingizio, safari hii haikunisaidia kitu. Mjomba anataka "hakurudi". Asema miaka imetosha, isomwe hitima, mtu apumzike. Nami siwezi kusema hana haki, kwani ni mjomba wake pia.

Juzi nimempelekea shairi lote. Akanipigia simu kuuliza kama katika kibwagizo nimekosea herufi. Nikamjibu, "Hapana, mjomba, sikukosea." Akakaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimsomee tena beti ya kwanza.