Filamu tunaziangalia, kisha tunabishana



Wengi wenu mulituuliza ni kwa nini siku hizi kikundi chetu kinachelewa kutawanyika Jumamosi jioni, na kwa nini sauti zetu zinasikika mpaka barabarani. Jibu ni fupi: tunaangalia filamu, na zikiisha tunabishana. Hakuna kati yetu aliyesomea mambo ya senema. Tuko wauza samaki, walimu, washonaji, wakulima, na wajane wawili wanaopika mikate ya kuuza asubuhi. Tunaangalia kwenye televizyo ya mwenzetu mmoja, filamu zikiwa ndani ya fleshi, na umeme ukikatika tunachanga franka za mafuta ya grupu. Mafuta yakiisha kabla ya filamu, kila mmoja anajitungia mwisho wake, na hapo mabishano yanazidi.

Wiki hii tunawaelezea filamu tano, za zamani na za karibuni, namna tulivyozipokea. Musizichukue kama amri. Filamu ni kama sombe: kila nyumba ina mkono wake.

Tuanze na ya zamani. La Vie est belle ilitoka mwaka 1987. Waliotengeneza ni Mwezé Ngangura wa kwetu pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Ndani yake Papa Wemba ni kijana Kourou, anayetoka kijijini kwenda Kinshasa kutafuta njia ya muziki. Anafanya kazi ya boyi kwa tajiri mmoja, naye anampenda msichana Kabibi. Kumbe tajiri yule yule anamtaka Kabibi awe bibi yake wa pili. Wenye miaka hamsini na kupita walicheka mpaka machozi: nguo zile, mitaa ile, muziki ule, na Papa Wemba angali kijana, yeye aliyeanguka jukwaani kule Abidjan mwezi wa nne mwaka 2016 na kufa. Wabinti zetu hawakucheka sana. Mmoja aliuliza: “Na yule bibi wa kwanza, nani anamhurumia?” Nyumba ilinyamaza. Mama mmoja mzee akamjibu kwamba filamu inamcheka mwanaume, haimcheki bibi yake, maana tajiri mwenye feza zote zile ndiye anayekimbia kwa mganga. Binti alikataa. Alisema kicheko hakijazi sufuria ya bibi wa kwanza. Mpaka leo hawa wawili hawajapatana juu ya filamu hiyo, na kila Jumamosi wanapika pamoja.

Ya pili ni Sarafina, ya mwaka 1992. Inaelezea wanafunzi wa Soweto, Afrika ya Kusini, wanaosimama kukataa ubaguzi na masomo ya kulazimishwa kwa Kiafrikana. Jambo hilo lilitokea kweli mwaka 1976, na tarehe 16 mwezi wa sita, ambayo watoto wetu wanaijua kama Siku ya Mtoto wa Afrika, inakumbuka watoto waliopigwa risasi siku ile. Leleti Khumalo ni Sarafina, Whoopi Goldberg ni mwalimu wake, na Miriam Makeba ni mama yake, anayefanya kazi za nyumbani kwa wazungu.

Mabishano yetu hapa yalikuwa juu ya watoto: waione au wasiione? Ndani yake kuna mtu anayechomwa moto, kuna mateso gerezani. Mama mmoja alisema watoto wetu wengine walikimbia vita, waliona makubwa kuliko hayo. Mwingine akamjibu pale pale: “Ndiyo sababu wasionyeshwe tena.” Tulipatana kwamba wadogo waende kulala, na wakubwa waangalie mama zao wakiwa karibu, tayari kujibu maswali. Lakini kilichotugusa zaidi ni mama mtu. Mwanzoni binti hapendi kuona mama yake akiinamia kazi za wazungu. Akitoka gerezani anaenda kumwona, na anafahamu kwamba mama huyo alibeba nyumba nzima mgongoni bila mtu kumpigia makofi. Wauza samaki wetu walifuta macho. Mmoja alisema angependa binti yake aione sehemu ile hata mara kumi.

Filamu ya tatu ni Félicité, ya mwaka 2017, ya Alain Gomis. Ilipata zawadi kubwa Berlin, na mwaka ule ule ikapata Farasi wa Dhahabu wa FESPACO kule Ouagadougou. Véronique Beya Mputu anacheza mama anayeimba katika baa ya Kinshasa na kumlea mtoto wake peke yake. Mtoto anapata ajali ya moto, mguu unavunjika vibaya, na hospitali inataka feza kwanza ndipo apasuliwe. Basi mama anaanza kuzunguka mji: anadai madeni, anagonga kwa baba ya mtoto, anagonga kwa tajiri, anavumilia matusi. Kabla feza hazijatimia, mguu wa mtoto umekwisha kukatwa.

Filamu hiyo inasema Kilingala zaidi, kwa hiyo mama mmoja aliyekaa Kinshasa alitutafsiria. Ilipoisha, wa kwanza kusema alimlaumu Félicité: ana kiburi, hajui kuomba, anawatisha watu badala ya kuwabembeleza. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye kwa kawaida anasikiliza tu, akasema: “Mimi nilibembeleza. Mtoto wangu alilala katika korido siku mbili, nami nilipiga magoti mbele ya kila mlango. Mwenye kiburi na mwenye magoti, wote wanaambiwa waende kwanza kwenye kaisa.” Hatukuwa tumelisikia jambo hilo kutoka kinywa chake, na tunakaa naye kartie moja miaka yote hii.

Toka jioni ile tuna kisanduku. Kila Jumamosi anayeweza anatia franka 500. Feza hizo si za likelemba na hazikopeshwi. Ni za siku mtoto wa mmoja wetu atakapofikishwa hospitali bila kitu mkononi. Mtunza feza wetu alipinga mwanzoni. Alisema feza bila sheria zinavunja urafiki, na alikuwa na haki. Kwa hiyo tuliandika sheria tatu: wamama watatu ndio wanaofungua pamoja, wanaandika kiasi kilichotoka, na mwenye kusaidiwa hadaiwi. Hii ya tatu ingali inabishaniwa. Vikundi vingine vilivyojaribu mpango kama huu vituambie vilifanya namna gani.

Ya nne ni Makala, nayo ya mwaka 2017, ya Mfaransa Emmanuel Gras. Hii si hadithi ya kutunga. Inamfuata baba mmoja wa kijiji cha Walemba, upande wa Kolwezi, anayekata mti mkubwa kwa shoka, anauchoma makala, kisha anayafunga kwenye kinga lake na kusukuma kwa mguu kilometa 50 mpaka mjini. Watu wanasema Kiswahili chetu cha Katanga, na tulifurahi kusikia bei zikibishaniwa kama tunavyozibishania sisi. Njiani magari yanampulizia mavumbi, na wenye kusimamisha watu barabarani wanamdai chao ndipo apite. Ndoto yake ni ndogo: mabati ya nyumba, na viatu vya binti yake anayekaa mjini kwa ndugu.

Walipofika sokoni, wanunuzi wakaanza kupunguza bei, nyumba yetu ikagawanyika. Washonaji wakasema ni uchungu: mtu amesukuma mlima mzima, unampunguzia namna gani? Mama anayeuza makala kwa vikopo akasimama. Alisema yule mnunuzi naye ana watoto, naye atauza kwa mwingine atakayempunguzia. Bei haikuanza kwake. Mwalimu akaongeza kwamba mti mkubwa uliokatwa mwanzoni hakuna aliyeulipa, na mashamba ya watoto wetu yatalipa deni lile. Hatukufikia neno moja. Ila wawili kati yetu sasa wanapikia mbabula ya udongo iliyofunikwa vizuri, na wanasema mfuko mmoja unafika mbali kidogo kuliko zamani. Kutoka katika mabishano ya jioni moja, hiyo si kidogo.

Ya tano ndiyo iliyotupa kazi. Inaitwa Augure, ya mwaka 2023, na aliyeitengeneza ni Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, anayejulikana zaidi kwa muziki. Ilipata zawadi katika tamasha la Cannes. Kijana Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mzungu mwenye mimba, ili wampelekee baba mali ya ndoa. Lakini tangu utotoni jamaa wanamwita zabolo, kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo usoni. Anapombeba mtoto mchanga wa dada yake, pua yake inatoka damu, tone linaangukia mtoto, na jamaa yote inashikwa na hofu. Filamu ina mambo ya ajabu ya ndoto na mavazi, na wengine wetu hawakuifuata vizuri. Mama mmoja alisinzia, akaamka, akauliza kama ingali ni filamu ile ile.

Lakini sehemu ya damu kila mtu aliifahamu, maana katika kartie yetu kulikuwa na msichana wa miaka tisa aliyekuwa anaitwa mlozi. Mama yake alikufa, kisha mtoto mchanga wa shangazi aliyemchukua naye akafa, na maneno yakaanza. Alikuwa analala katika jiko la nje, na masomo yalikuwa yamesimama. Tulimwona kila siku kisimani.

Jioni ile hatukubishana juu ya filamu. Tulibishana juu yake. Mama mmoja alisema waziwazi: “Mimi ninaogopa. Kama ni kweli?” Hatukumcheka, kwa sababu hofu ile iko ndani ya nyumba nyingi, hata za wanaosali sana. Mwingine alisema mambo ya jamaa hayaingiliwi. Mwalimu wetu akaleta Katiba, akatusomea kifungu cha 41: kumshtaki mtoto ulozi kumekatazwa, na sheria inakuadhibia. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009 inasema vilevile. Mjane mmoja akamaliza kwa neno lake: “Hata tusiposoma, mtoto wa miaka tisa anayelala nje na mvua, nani kati yetu ni mlozi hapo?”

Kesho yake wamama watatu walienda kwa shangazi. Hawakwenda na polisi wala na matusi. Walienda na unga na sabuni, wakaanza kwa kumpa pole ya mtoto wake, maana kweli alifiwa, na hakuna aliyekaa naye kulia mpaka mwisho. Walirudi mara nne. Mara ya tatu walifukuzwa. Mara ya nne mzee wa avenue alienda nao, na nyanya ya mtoto aliitwa kutoka kijijini. Sasa msichana anakaa kwa nyanya yake, karibu na kanisa, na amerudi darasa la tatu. Shangazi angali hatusalimii. Mwenzetu aliyesema anaogopa angali anaogopa, lakini ndiye aliyeshona unifomu ya mtoto.

Hatusemi filamu ilifanya hayo. Tuliyajua yote kabla ya kuwasha televizyo. Ila tulikuwa tunayajua kila mmoja nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Ni vyepesi kusema kwanza juu ya Koffi ambaye hatumjui, na ukishasema juu yake, jina la mtoto wa jirani linatoka lenyewe.

Kwa vikundi vinavyotaka kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza. Wamama wawili waangalie filamu kwanza, wajue kama inafaa watoto. Kama lugha si yenu, awepo wa kutafsiri, lakini mmoja tu, wakiwa watatu hamutasikia kitu. Ikiisha, neno la kwanza lipewe yule asiyesema mara nyingi. Linalosemwa juu ya nyumba ya mtu lisivuke mlango. Na mafuta ya grupu yanunuliwe kabla ya mikate.

Jumamosi inayokuja tutaangalia Queen of Katwe, ya mwaka 2016, juu ya msichana maskini wa Kampala aliyejifunza mchezo wa chesi mpaka akashindana na mataifa, na Lupita Nyong'o akicheza mama yake. Tunaanza saa kumi. Viti ni vichache, kila mmoja aje na chake.