Kijiji cha Miti na Gunia la Makala



Ukitoka Bukavu kwa barabara iendayo Kavumu, utafika Miti, kijiji cha Kabare kilicho kwenye njia panda. Barabara moja yaelekea Katana, nyingine yapanda Tshivanga, ambako msitu wa Kahuzi-Biega unaanza. Huko juu, kupita mianzi, karibu na kilele cha Kahuzi chenye mita 3,308, miti mirefu hukoma, yakabaki majani na vichaka vinavyostahimili baridi.

Mwaka 1970 msitu ule ulifanywa Hifadhi ya Taifa ili gorila wasiangamie, na mwaka 1980 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Lilikuwa jambo jema. Lakini Wabatwa, walioishi humo tangu mababu, walitolewa bila kupewa ardhi nyingine. Wengi wamebaki pembeni ya msitu, vibarua katika mashamba ya wengine.

Sisi makatekista tumefundisha mara nyingi kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Siku moja, baada ya fundisho hilohilo huko Miti, tulinunua gunia la makala kwa mama mmoja Mbatwa. Tulivuta bei chini hata akanyamaza, nasi tukajiona tumefaulu. Kijana aliyetusaidia kulibeba akauliza kwa heshima: “Baba katekista, makala haya yametoka katika bustani ipi?”

Hatukumjibu.

Ni rahisi kumlaumu ashikaye panga. Lakini mti hukatwa kwa sababu jijini kuna sufuria inayongoja, na sufuria hiyo ni yetu. Tena yule mama alipokonywa msitu kwanza, ndipo akauuza gunia kwa gunia. Naboti naye alishikilia urithi wa baba zake, na Mungu hakusimama upande wa mfalme.

Hatuwezi kusema kwamba tumeacha makala. Chakula cha leo kimeiva kwa hayo. Tumejifunza mambo mawili tu: kutumia jiko linalokula makala machache, na kutopunguza tena bei ya maskini. Ni kidogo mno. Basi katika mkutano wenu ujao ulizaneni swali la kijana yule, na msilijibu upesi. Kisha siku moja pandeni hadi Miti, mkawasikilize Wabatwa kabla ya kuwafundisha.